Viza ya mwenza ya Uingereza ukiwa Dar es Salaam: anzia kwenye majina

Afisa atakayeamua kama mtaishi pamoja hatawaona. Hakuwepo kwenye harusi, hakumsikia shangazi akipiga vigelegele, wala hajui mlivyosubiriana. Yeye atafungua faili, asome, aamue. Kwa kawaida hata mahojiano hayapo. Kwa hiyo karatasi ndizo zitakazowasemea, na nyingi kati ya hizo zinatoka hapa hapa Dar.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyeko Tanzania ambaye mume au mke wake yuko Uingereza, ama kama raia wa huko ama kama mwenye ukaazi wa kudumu. Njia hii nimeipita mwenyewe, na tangu hapo nimekaa na wenzangu wengi mezani kwangu Magomeni tukipanga mafaili yao. Mimi si mwanasheria. Pale ambapo jambo linahitaji mwanasheria, nitasema.

1. Weka majina yote mezani

Kabla ya kugusa fomu yoyote, toa pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha ndoa. Vipange, kisha soma jina herufi kwa herufi ukifuatisha kwa kidole. Usijiambie "si linasomeka vile vile".

Mimi niliamini majina yangu yako sawa mpaka siku niliyokwenda steshenari kuskani. Kijana wa pale alikuwa anakuza picha kwenye kompyuta aone kama muhuri unasomeka, akanigeukia: "Dada, wewe ni Khadija au Hadija?" Pasipoti ilikuwa na K. Cheti cha ndoa hakikuwa nayo. Shehe aliandika alivyosikia, nasi tulitia saini katikati ya vifijo, hakuna aliyesoma. Nilipanda daladala nimekikumbatia kile cheti kama mtoto mchanga, na kukirekebisha kulinichukua wiki tano.

Zuhura na Zuhra, Asha na Aisha, Mohamed na Muhammad: kwetu ni mtu mmoja, lakini kwa anayesoma faili akiwa mbali, huenda ni watu wawili. Tofauti ndogo unaweza kuieleza kwa kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, ukisema kwamba majina yote mawili ni ya kwako. Ila kama muda unaruhusu, nakushauri urudi kwa aliyetoa cheti, cheti chenyewe kirekebishwe. Kiapo kinaeleza kosa, lakini kosa lenyewe linabaki pale pale.

Na wewe dada unayetaka kuchukua jina la mume, ngoja. Usibadilishe jina katikati ya safari hii. Nenda na jina lililo kwenye pasipoti, mengine mtayafanya mkishakuwa pamoja.

Kama huna pasipoti, anza Uhamiaji mapema. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000, na bila namba ya NIDA hutafika mbali.

2. Hakikisha ndoa yenu imesajiliwa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya msikitini, ya kanisani, ya bomani na ya kimila. Uingereza nayo inaitambua ndoa iliyofungwa kihalali katika nchi ilikofungwa. Tatizo huwa ni cheti. Kuna watu wamefunga ndoa mbele ya ukoo mzima, wakala pilau, wakapewa karatasi ya msikitini isiyo na namba ya usajili, wakaiweka kabatini. Karatasi hiyo peke yake haitakubeba. Muulize aliyewafungisha kama ana leseni ya kufungisha ndoa na kama taarifa ya ndoa yenu alishaipeleka kwa Msajili Mkuu, yaani RITA. Ukipata jibu la kusitasita, nenda mwenyewe ofisi ya RITA au ofisi ya mkuu wa wilaya ukaulize. Ndoa ya Zanzibar inafuatiliwa Zanzibar, kwa sababu kule wana usajili wao.

Kama bado hamjafunga, hesabuni siku. Sheria inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Mwenza anayekuja na likizo ya wiki mbili, akitua Jumamosi na kutaka bomani Jumatatu, atarudi alikotoka bila cheti. Taarifa itangulie, na pia aje na cheti kutoka ofisi ya usajili ya kwao kinachoonyesha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa.

Vipi kuhusu ndoa ya wakala, bwana harusi akiwa nje na ndugu yake akimwakilisha? Inazua maswali mengi kuliko inavyorahisisha mambo. Isitoshe, sharti mojawapo la viza ni kwamba muwe mmeshaonana ana kwa ana. Kama anaweza, afunge safari.

Aliyewahi kuoa au kuolewa aonyeshe kwamba ndoa ile iliisha. Talaka iliyotamkwa sebuleni mbele ya wazee wawili haitoshi. Unatakiwa uwe na hati ya mahakama au cheti cha talaka kilichosajiliwa, na kwa mjane, cheti cha kifo. Hili linawaumiza wengi, kwa sababu kumrudia mtalaka kumwomba karatasi ni jambo zito. Lifanye mwanzoni, siyo wiki ya mwisho.

Neno moja kwa mke wa pili: sheria yetu inaruhusu ndoa ya wake wengi, lakini Uingereza inaruhusu mke mmoja tu kuingia kama mke wa mtu huyo. Hapo usibahatishe, lipa mwanasheria.

Cheti chochote kilichoandikwa Kiswahili kitafsiriwe kwa Kiingereza. BAKITA wanafanya kazi hiyo. Tafsiri iwe na maneno ya mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Ikikosa kimoja kati ya hivyo, irudishe.

3. Kipato cha aliyeko Uingereza

Hapa ndipo mafaili mengi yanapokwama, na mara nyingi si kwa sababu fedha haipo.

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mdhamini, yaani mwenza aliyeko Uingereza, anatakiwa awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka, kabla ya makato. Kwa waombaji wapya, idadi ya watoto haiongezi kiwango hicho. Akiwa na mwajiri yule yule kwa miezi 6 au zaidi, anatoa slipu za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, aina ya mkataba na muda aliofanya kazi. Kila slipu ilingane na fedha iliyoingia benki, hadi senti. Slipu ikisema 2,041.17 na benki ikaonyesha 2,000 kwa sababu 41.17 ilikwenda akaunti nyingine, weka maelezo na taarifa ya ile akaunti nyingine pia. Taarifa ya mwisho isizidi siku 28 siku mtakayotuma maombi.

Aliyebadilisha kazi juzi, kwa kuwa mpya inalipa zaidi, ameingia kundi jingine: kitaangaliwa pia kipato chake cha miezi 12 iliyopita. Kwa hiyo kabla hajaacha kazi, pigianeni simu. Namjua dada aliyesubiri karibu mwaka kwa sababu mume alihamia kazi nzuri zaidi mwezi mmoja kabla ya kuomba.

Mshahara wako wa Dar hauhesabiwi. Hata kama wewe ni meneja wa benki Posta, hauhesabiwi. Lakini kodi ya nyumba inahesabiwa, iwe nyumba ni yako au ya mwenzako, na hata ikiwa Mbezi au Tabata. Inabidi uwe na hati ya umiliki, mkataba wa upangaji, na taarifa za benki za miezi 12 zinazoonyesha kodi ikiingia. Ndiyo maana nawaambia wenye vyumba vya kupangisha: acheni kupokea kodi mkononi. Mpangaji alipe benki, kila mwezi au kila miezi sita, ila iingie benki. Mwaka mmoja wa nidhamu hiyo unaweza kuziba pengo la mwenzako.

Akiba nayo inahesabiwa, ila mlango wake ni mwembamba. Ukitegemea akiba peke yake unahitaji pauni 88,500, zikiwa benki kwa miezi 6, kwa jina lako, la mwenzako au la pamoja. Fedha ya upatu au iliyoko kwa mjomba haina nafasi. Na tafadhali, usikubali mtu akuwekee fedha kwenye akaunti "ionekane tu". Mdhamini anayepokea baadhi ya mafao, kama yale ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa, hapimwi kwa pauni 29,000. Yeye anaonyesha kwamba mnaweza kujikimu.

Makazi nayo yaonekane: mkataba wa nyumba, na kama ni ya kupanga, barua ya mwenye nyumba akikubali uhamie. Chumba kimoja mkiwa wawili kinakubalika. Chumba kimoja ndani ya nyumba yenye watu tisa kitaleta maswali.

4. Uhusiano wenu, wenye tarehe

Watu huleta picha 300 za harusi. Chagua 15 au 20, zinazotoka nyakati tofauti: posa, kitchen party, sendoff, nikaha au kanisani, kisha siku za kawaida. Picha ya nyinyi wawili mkila chips mayai Coco Beach mwaka mmoja kabla ya ndoa ina uzito kuliko picha ya hamsini ya keki. Chini ya kila moja andika tarehe, mahali, na nani ni nani. "Huyu ni mama yangu mzazi, huyu ni mshenga, Temeke, Desemba 2022."

Barua ya posa umeitunza? Itafsiri, uiweke. Afisa akiona wazee wameandikiana barua, mahari imetajwa, majibu yametolewa, anaona familia mbili zilizokubaliana. Wengi hawafikirii kuiweka, na mimi naona ni ushahidi mzuri sana tulio nao.

Mazungumzo ya simu yasiwe kurasa 400. Chukua skrinishoti chache za kila mwezi, tangu mlipojuana hadi sasa, zinazoonyesha tarehe na namba. Zisiwe za mahaba peke yake. Siku mliyobishana kuhusu ada ya mdogo wako, siku aliyouliza kama mama ametoka hospitali, hayo ndiyo maisha ya watu waliooana. Ongeza risiti za fedha alizotuma, tiketi za ndege, na kurasa za pasipoti yake zenye mihuri ya kuingia Tanzania.

Kisha kila mmoja aandike barua yake, kwa maneno yake. Msinakiliane wala msipakue mfano mtandaoni. Eleza mlivyokutana, nani alimtambulisha nani, mara ngapi mmeonana, mtaishi wapi. Kama kuna jambo la aibu, kwa mfano viza ya matembezi aliyonyimwa zamani, liseme mwenyewe. Wakilikuta bila wewe kulitaja, litakuwa kosa kubwa kuliko lilivyokuwa.

5. Kiingereza na kifua

Vitu hivi viwili vina muda wa kwisha, ndiyo maana nimeviweka baada ya mengine.

Kiingereza kinachotakiwa mwanzoni ni ngazi ya A1, kuzungumza na kusikiliza tu. Mtihani uwe miongoni mwa ile iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza. IELTS ya kawaida, ile ya kuombea chuo, haikubaliki, lazima iwe ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza. Watu wamelipa mara mbili kwa kutokujua hilo. Matokeo yanadumu miaka 2. Cheti cha kidato cha nne hakisaidii hata kama ulipata A. Ila kama una shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza, mfano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unaweza kuomba uthibitisho wa Ecctis, taasisi ya Uingereza inayolinganisha vyeti vya nje, badala ya kufanya mtihani.

Kwa aliye na hofu: A1 ni kujieleza wewe ni nani, unaishi wapi, unapenda nini. Mama mmoja wa Buguruni aliyeishia darasa la saba alifanya mazoezi na binti yake jikoni kila jioni, akitaja kila anachokishika: sufuria, chumvi, moto. Alifaulu mara ya kwanza.

Kipimo cha kifua kikuu kwa waombaji wa Tanzania hufanywa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, hapa Dar, siyo hospitali yoyote unayoipenda. Ni picha ya kifua. Cheti kinadumu miezi 6. Picha isipoeleweka watachukua makohozi, na majibu ya kuotesha yanaweza kuchukua hadi miezi 2, kwa hiyo usiende wiki ya mwisho. Kama una ujauzito, sema kabla ya kupigwa picha.

6. Fomu, ada na vidole

Fomu inajazwa kwenye tovuti ya gov.uk, kwa Kiingereza. Jaza mwenyewe, hata kama utahitaji mtu wa kukusomea. Mkae wote wawili kwa simu na kuhakikisha tarehe zinalingana na barua zenu: siku mliyokutana, siku ya ndoa, safari zake. Hifadhi, lala, kesho yake isome tena.

Ada ya maombi ya nje ya Uingereza ilipandishwa Aprili 2025 hadi pauni 1,938. Juu yake kuna tozo ya afya, iliyokuwa pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza hii unalipia miaka 3, yaani 3,105. Kwa viwango hivyo vya 2025, jumla ilikuwa pauni 5,043, zaidi ya shilingi milioni 15. Ada hizi hupanda mara kwa mara, kwa hiyo ziangalie gov.uk wiki mnayolipa. Mkikataliwa, tozo ya afya inarudishwa, ada ya viza hairudi. Kadi nyingi za benki zetu zina kikomo cha malipo ya mtandaoni kwa siku, kwa hiyo piga simu benki kwanza, au mwenzako alipe akiwa huko.

Mkishalipa, mnapakia nyaraka na kuchukua miadi ya kituo cha kupokea maombi ya viza hapa Dar. Skani ziwe za rangi, kurasa zote, hata nyuma ya cheti penye muhuri. Kila faili lipe jina linaloeleweka: "Cheti cha ndoa na tafsiri", siyo "IMG 0043". Majina hayo yaandike kwa Kiingereza.

Sasa, bibi harusi, nisikilize. Siku ya alama za vidole, ncha za vidole ziwe safi, bila hina, bila piko, bila jeraha. Nimemwona dada aliyekuja na hina mbichi ya harusi ya wifi yake, nyekundu hadi kwenye kucha, akaambiwa arudi siku nyingine. Alisimama mlangoni akiviangalia vidole vyake huku machozi yakimtoka. Kama kuna shughuli ya familia wiki hiyo, paka viganja tu na uache ncha.

7. Kusubiri, na vishoka

Majibu ya maombi ya kawaida hutolewa ndani ya wiki 12. Katika muda huo usiuze vitu, usiache kazi, usinunue tiketi isiyorudishika. Kaeni mkikusanya skrinishoti na risiti kama kawaida.

Ni wakati huo pia ambapo vishoka hukupata. Atakuambia ana mtu ndani, kwamba laki nane itasukuma faili. Uamuzi haufanywi kituoni, na waliopo pale wanapokea tu. Mbaya zaidi ni yule anayejitolea "kukuongezea" slipu au taarifa ya benki. Karatasi moja ya kughushi inaweza kukufungia kuingia Uingereza kwa miaka 10, hata kama ndoa yako ni ya kweli kabisa. Mkihitaji msaada wa kulipia, mwenzako amtafute mshauri aliyesajiliwa na mamlaka ya huko, Immigration Advice Authority, au wakili.

Na mtu asikudanganye uende kwa viza ya matembezi ukabadilishie huko. Mgeni wa matembezi haruhusiwi kubadili kuwa viza ya mwenza akiwa ndani.

Ikija barua ya kukataa, isome mara tatu kabla ya kulia. Inataja sababu moja baada ya nyingine. Mna siku 28 za kukata rufaa. Kama sababu ni nyaraka iliyosahaulika, mara nyingi kuomba upya na faili lililokamilika ni haraka kuliko rufaa, ingawa ada ni ile ile. Kama wamesema ndoa yenu si ya kweli, kata rufaa na uwe na wakili.

8. Ikitoka

Ruhusa ni ya miezi 33. Unaweza kufanya kazi na kutibiwa NHS, huduma ya afya ya serikali ya huko, ila huwezi kuomba mafao ya serikali. Ruhusa siku hizi ni ya kielektroniki, kwa hiyo fungua akaunti yako ya UKVI, na barua pepe na nywila uzijue wewe, siyo mume peke yake. Nalisisitiza hili kwa dada zangu: akaunti ni yako, pasipoti ni yako, ikae mahali unapoweza kuifikia.

Kabla ya kwisha utaomba nyongeza ya miezi 30, safari hii kwa Kiingereza cha A2, na ukitimiza miaka 5 kwenye njia hii unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Uraia ni swali jingine: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo atakayechukua wa Uingereza anauacha wa kwake. Wengi hubaki na ukaazi wa kudumu na pasipoti yao ya Tanzania.

Wiki ya kwanza huko, tafuta boksi la viatu. Barua yoyote itakayokuja kwa anwani yenu, ya umeme, ya benki, ya daktari, ya kodi ya halmashauri, itupie humo. Omba jina lako liongezwe kwenye bili angalau mbili. Afisa wa nyongeza atataka kuona mmeishi nyumba moja kwa kipindi chote, na boksi hilo litakuwa limeshajaa.